Tunapigania hijab getini, na nani anampigania mtoto asiyesikia?



Kila Januari shule zikifunguliwa hapakosi picha ya msichana amesimama nje ya geti, begi mgongoni, hijab kichwani, amerudishwa nyumbani. Tunaisambaza. Tunatafuta nambari ya mwalimu mkuu, tunapiga simu, tunatafuta wakili. Kesi ya Isiolo ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 2019, na ule uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliokuwa umeruhusu hijab ukatupiliwa mbali, wengi wetu hatukulala. Na tulikuwa na haki ya kukasirika. Mtoto akizuiwa kusoma kwa sababu ya jinsi alivyo, huo ni ubaguzi, hauna jina lingine.

Sasa nikueleze kisa cha Januari nyingine, ambapo wenye geti tulikuwa sisi.

Nilimsindikiza dadangu kumwandikisha mwanawe katika shule ya praivati ya Kiislamu. Shule nzuri, majengo masafi, Qur'ani asubuhi na masomo ya serikali mpaka alasiri, karo ya kuuma lakini tulikuwa tumejipanga. Mpwa wangu alikuwa na miaka saba na hasikii vizuri. Si kiziwi kabisa. Ukimwita akiwa amekupa mgongo haitiki, lakini ukizungumza naye uso kwa uso mnaelewana sawasawa. Mudir alitukaribisha vizuri, akaagiza tuletewe maji, kisha akamfanyisha mtoto mtihani mdogo wa imla. Akawa anasoma maneno huku ameinamia karatasi yake, na mtoto aandike. Mtoto akapata mawili kati ya kumi. Mudir akamgeukia dadangu akasema, tena kwa upole wallahi, "Dada yangu, sisi hatuna mwalimu wa watoto kama hawa. Mpelekeni shule yao."

Shule yao.

Tukatoka. Hakuna aliyepiga picha. Mimi mwenyewe, mtu wa kupiga kelele mitandaoni kila siku, nilirudi nyumbani kimya nikamwambia dadangu tutafute nyingine. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba siku ile nilishuhudia kitu kile kile ninachokiandikia kila Januari, ila aliyerudishwa ni wetu na aliyemrudisha ni wetu vilevile.

Wewe unayesoma hapa, Katiba unaijua. Unajua vifungu vya kukamatwa, vya kuandamana, vya dini. Hebu soma na hivi. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kinasema katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizochanganyika na jamii, kadiri inavyomfaa yeye. Ile Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumchuja ili aingie. Mtihani unaoruhusiwa ni wa kujua tu aanzie darasa gani. Na tangu 2018 nchi ina sera maalum ya wanafunzi wenye ulemavu ambayo imeegemea elimu jumuishi, yaani shule ya kawaida ijitayarishe kumpokea mtoto, mtoto asiambiwe ajirekebishe kwanza ndipo apokelewe.

Neno "kadiri inavyomfaa yeye" usiliruke. Shule za viziwi zinafanya kazi kubwa, na mtoto asiyesikia kabisa huenda akafaidika zaidi mahali ambapo kila mtu kuanzia mwalimu mpaka mpishi anazungumza kwa lugha ya ishara. Viziwi wenyewe watakwambia hivyo. Lakini anayepima hilo ni mzazi na mtaalamu wakimwangalia mtoto. Haipimwi na mudir kwa dakika kumi za imla aliyoisoma akiwa ameinama.

Dadangu hakukata tamaa kama mimi. Alimpeleka mtoto shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na kwao, zile shule ambazo sisi tuliosoma praivati tunazidharau. Darasa la watoto sitini na kitu. Madawati ya kubanana watatu watatu. Mwalimu wa Gredi ya 1 ni mama wa makamo, hana diploma yoyote ya elimu maalum, na alimwambia dadangu maneno ambayo sisi hatukuyapata kwa mudir: "Muache hapa wiki mbili nimtazame."

Akamtazama kweli. Baada ya wiki mbili akamwita dadangu akamwambia mtoto anafuata midomo, na akikaa upande wa dirishani anashika zaidi kuliko akikaa upande wa mlangoni. Akamwelekeza kwenye kituo cha tathmini cha elimu, vile vituo vya EARC ambavyo vilianza hapa Kenya mwaka 1984 na wazazi wengi hawajui hata kama vipo. Huko akapimwa, akatumwa hospitali, ikagundulika sikio moja lilikuwa likitoka usaha tangu utotoni na la pili ndilo zima kidogo. Upande wa dirishani ndiko sikio lile zima lilikuwa likimwelekea mwalimu.

Sasa tazama mwalimu alifanya nini. Alimhamisha mbele, sikio zima likiwa upande wake. Akaacha kuzungumza huku anaandika ubaoni, manake akigeuka mtoto anapoteza sentensi nzima. Akaligawa darasa makundi ya watoto sita sita, na kila kundi likawa na mmoja wa kurudia maagizo. Hesabu wakawa wanafanya kwa vifuniko vya soda kwanza, wanapanga, wanahesabu, wanagombana, kisha ndipo wanaandika. Siku nyingine anawatoa nje chini ya mwarobaini kwa sababu mle ndani kuna mwangwi. Gharama ya yote haya ukiijumlisha haifiki bei ya sahani ya pilau.

Na hapa ndipo mimi nilipoamka. Siku moja nilienda kumchukua mpwa wangu mapema nikakaa nyuma ya darasa nikisubiri. Kulikuwa na msichana aliyehamia kutoka Tana River, nyumbani wanazungumza Kiorma, Kiswahili chake bado. Kulikuwa na mvulana anayeona kwa shida ubaoni, ameketishwa mbele na yeye. Kulikuwa na mwingine hana ugonjwa wowote, ni mwoga tu, mbele ya watoto sitini hawezi kufungua kinywa lakini ndani ya kundi la sita anabishana kama wakili. Hawa wote walikuwa wanafaidika na mambo yaliyofanywa kwa ajili ya mpwa wangu. Mwalimu aliyejifunza kumwangalia mtoto mmoja alikuwa amejifunza kuwaangalia wote. Tunaposema elimu inayomweka mtoto katikati, mimi picha ninayoiona ni ile: mwalimu kageuka, ubao uko nyuma yake, macho yake yako kwa watoto.

Najua kuna anayesema moyoni, "Haya mambo ni ya Wazungu. Sisi tulichapwa na tukasoma." Nimeyasikia kwenye baraza, nimeyasikia hata kwa vijana wa rika langu ambao nilidhani wameerevuka. Twende taratibu.

Miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani waliona watoto wetu wanaachwa nyuma shuleni, wakaomba msaada kwa Aga Khan. Kazi ya kutafuta njia akapewa mwalimu wa hapa hapa Mombasa, Bi Swafiya Said. Alizungumza na wazee na maimamu na akina mama, na kilichotokea ni shule za chekechea zilizofungamana na madrasa, watoto wakisoma dini yao na wakati huo huo wakijiandaa kwa shule. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, wakafunzwa. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, vifuniko, vitu vya kuokota. Mtoto alikuwa na kona za kuchagua: kujenga, kuhesabu, kuigiza nyumba, vitabu. Alikuwa anaulizwa anataka kufanya nini, kisha akimaliza anaeleza alichofanya. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kwa hivyo watu wakikwambia kumweka mtoto katikati ni kitu kililetwa na CBC mwaka 2019, waambie mama zetu wa Mombasa walikuwa wanakifanya kabla baadhi ya waliotunga hiyo CBC hawajamaliza shule.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, Ibn Khaldun katika karne ya 14 aliandika mlango mzima katika Muqaddimah yake kuhusu madhara ya ukali kwa wanafunzi. Hoja yake ni kwamba mtoto anayelelewa kwa mabavu hujifunza uongo na hila ili ajiokoe, na tabia hiyo inamganda mpaka ukubwani. Mwanachuoni wa Tunis huyo, hakuwa Mzungu. Na Sahaba Ibn Ummi Maktum, kipofu ambaye wafasiri wanasema sura ya 80 iliteremka kwa ajili yake, alikuja kuwa muadhini wa Mtume (s.a.w.) na akaachiwa Madina aisimamie wakati wa safari. Hakuambiwa aende msikiti wao.

CBC nayo ina lawama zake, sitaitetea yote. Mzazi anayeamshwa saa nne usiku atafute manila na gundi, aende saiba kuchapisha picha ya ng'ombe za rangi, huyo hajawekewa mtoto katikati, amewekewa yeye. Mtaala unasema mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya eneo lake mpaka Gredi ya 3, lakini shule nyingi za mjini, zikiwemo za Kiislamu, zinaona fahari kumpiga faini mtoto wa miaka sita akizungumza Kiswahili. Wazazi ndio wanaotaka hivyo, wanalipia Kiingereza. Mtoto anakaa kimya kwa lugha mbili.

Lakini niliyoyasema kuhusu mudir ni mepesi ukilinganisha na haya yanayokuja, kwa sababu haya yananihusu.

Mimi chuoni nilikuwa mwepesi. Maalim akisoma mara mbili nimeshika. Pembeni yangu alikuwa ameketi rafiki yangu ambaye herufi zilikuwa zinamchezea. Ba na ta na tha kwake zilikuwa kitu kimoja, leo anaipatia kesho ameisahau. Alichapwa. Alichapwa mpaka tukawa tunahesabu bakora kwa sauti, na tulicheka, mimi nikiwemo, kwa sababu ukicheka unajihisi uko upande wa salama. Maalim alikuwa mtu mwema, wallahi, alikuwa anatununulia kashata siku ya Alhamisi. Alikuwa anafanya alichofanyiwa yeye. Rafiki yangu akaacha chuo, halafu akaacha shule, manake kule nako herufi zilikuwa ni zile zile ila zinaandikwa upande mwingine.

Leo anaendesha bodaboda, ana akili ya biashara kunishinda mara tatu, anajua kila kichochoro cha mji huu. Ukimtumia ujumbe hasomi. Anakutumia sauti: "Niambie kwa mdomo bwana, niko barabarani." Nilidhani kweli yuko barabarani. Mwaka jana alinipa barua ya polisi kuhusu pikipiki yake iliyoshikwa, akaniambia nimsomee kwa sababu ameacha miwani nyumbani. Hana miwani. Alikuwa amelipa pesa mara mbili kwa mtu aliyemdanganya barua inasema nini.

Tunajua polisi wanavyowahangaisha vijana wetu, na ukurasa huu unalipigia kelele jambo hilo, na inshallah tutaendelea. Lakini kijana asiyeweza kusoma karatasi anayotakiwa kuitia saini kituoni, ule unyonge wake ulianza wapi? Wake ulianzia kwenye mkeka, pembeni yangu, akiwa na miaka sita.

Kifungu cha 29 cha Katiba kinamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Kila mtu, na mtoto wa chuo ni mtu. Ile sheria ya 2013 inasema anayemchapa mwanafunzi au kumtesa kiakili anaweza kutozwa faini ya mpaka shilingi 100,000 au kifungo cha mpaka miezi sita, au vyote viwili. Sisemi tuwapeleke maalim zetu mahakamani. Nasema tusiwe watu wa Katiba mpaka mlango wa msikiti tu.

Kuhusu pesa, sitakudanganya. Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma, na zinachelewa. Mwalimu mmoja kwa watoto sitini si jambo la kusifiwa, yule mama wa Gredi ya 1 anachoka, nimemwona akikaa kwenye dawati la mtoto baada ya kengele hawezi hata kuinuka. Vyoo vya shule ile vina ngazi mbili za kupanda, mtoto wa kiti cha magurudumu hawezi kuingia, na hilo moyo mzuri wa mwalimu hauliondoi, linataka simiti. Breli inataka pesa. Mkalimani wa lugha ya ishara anataka mshahara. Hapo ndipo kelele zetu za kawaida zinahitajika, za barua na maombi na kumfuata mbunge na pesa zake za CDF. Na misikiti yetu inayochangisha milioni za marumaru, ndugu zangu, marumaru ya mnara haina haraka. Njia ya mteremko kwenye darasa la madrasa ina haraka.

Ila tusijifiche nyuma ya pesa. Mudir hakushindwa na pesa siku ile. Angeinua uso wake wakati wa kusoma imla, mpwa wangu angepata nane.

Wewe una miaka ishirini, ishirini na tano, hujapata mtoto bado, unaona haya ni ya wazazi. Pengine wewe ndiye unayesomesha chuoni wikendi. Basi anza na hao watoto wako thelathini. Yule anayekuudhi zaidi, asiyeitika, anayekosea neno moja kila siku, kaa naye peke yake dakika tano, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Mwandikie herufi kubwa kisha ndogo uone anaanza kubana macho wapi. Hutakuwa daktari kwa hilo, lakini utajua kama wa kumlaumu ni yeye au sikio lake. Ukiona jambo, mweleze mzazi aende EARC kabla hujamweleza amtie adabu.

Na kuna kitu kingine wengi hawakijui. Bodi ya shule ya umma, sheria imetaja waketi nani: wazazi sita, mwakilishi wa walimu, wafadhili watatu, na wengineo. Ndani ya hao kuna kiti cha mtu anayewakilisha watu wenye mahitaji maalum. Kiti kipo kwa sheria, si hisani ya mwalimu mkuu. Niliuliza katika shule ya mpwa wangu ni nani anakikalia. Karani akafungua daftari, akafunga, akaniambia nirudi Jumatatu. Nilirudi Jumatatu. Aliyeandikwa pale ni jamaa wa mzee mmoja mwenye jina kubwa, hana ulemavu, hana mtoto mwenye ulemavu, na hajahudhuria kikao hata kimoja mwaka mzima. Jaribu kuuliza shule ya mtaani kwenu. Huna haja ya kuwa mzazi ili uulize, wewe ni mwanajamii. Na ukipata jibu kama langu, tafuta mama mwenye mtoto wa usonji au baba asiyeona anayeweza kukaa pale kihalali, mumpendekeze kwa jina.

Mpwa wangu sasa yuko Gredi ya 3. Si wa kwanza darasani, si wa mwisho. Anasoma Kiswahili kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wanavyofanya watu wasiojisikia vizuri, jirani wanalalamika. Qur'ani anasomeshwa nyumbani na mamake, uso kwa uso, na amefika sura za juzuu ya thelathini zaidi ya nusu.

Mwezi uliopita nilimwandikia barua yule mudir wa shule ya kwanza. Niliandika kwa adabu, bila kumtisha na wakili wala kutaja ukurasa huu, nikamweleza yaliyotokea tangu siku ile ya imla na nikamwekea majina ya vifungu. Nilitarajia ukimya. Akanipigia simu mwenyewe baada ya siku nne, akasema ana watoto wawili hivi sasa ambao walimu wake wanataka waondolewe, mmoja ana kifafa, na kwamba bodi yao inakutana Jumamosi baada ya swala ya alasiri, je, naweza kufika?

Nimemwambia nitafika na dadangu. Yeye ndiye atakayezungumza. Mimi nitabeba faili.